Mkono wa Kushoto ni wa Wasiojua

Mkono wa kulia anayejua, mkono wa kushoto asiyejua. Hayo ni maneno yangu mwenyewe. Niliyasema nikiwa nimesimama mbele ya darasa la nne, chaki mkononi, siku moja kabla ya kuja kwa mthibiti ubora wa shule, yule ambaye zamani tulimwita mkaguzi. Niliwaambia watoto wanyooshe wote, asibaki hata mmoja ameshusha, ili mgeni akitazama aone mikono tu kutoka ukutani hadi ukutani. Mimi ndiye ningechagua wa kujibu, na ningechagua wa kulia tu. Tukafanya mazoezi mara tatu, mpaka wakaacha kucheka.

Ujanja huo sikuubuni mimi. Nilisoma shule ya msingi huko kwetu Mpimbwe, na mwalimu wetu alitufundisha hivyo hivyo kila ukaguzi ulipokaribia. Tuliupenda kama mchezo. Nilipokuja kuwa mwalimu nikaukuta ofisini, wenzangu wanausimulia kwa kicheko wakati wa chai, na hakuna aliyeuita udanganyifu. Tuliuita kumpokea mgeni. Mpaka siku ile sikuwahi kufikiri kwamba nilikuwa nadanganya, na sasa ninapoandika uso unanichoma, kwa sababu somo nililokuwa nafundisha, wakati ule bado likiitwa hivyo, lilikuwa Uraia na Maadili.

Nilikuwa naishi Makanyagio, Mpanda mjini, chumba na sebule, na kila asubuhi napanda bodaboda kwenda shuleni upande wa Kakese. Darasa langu lilikuwa na watoto themanini na kitu, wanabanana wanne kwenye dawati la watatu. Wengine walikuwa watoto wa wakulima wa mpunga na mahindi wa miaka yote, wengine wa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Ofisini tulikuwa na tabia mbaya ya kuwagawa kwa maneno mawili tu, wetu na wale. Mimi nilijiona mwenyeji na nikayatumia maneno hayo kama wenzangu.

Somo lenyewe nililipenda, na nilijisifu kwamba nalifundisha kuliko wengine. Wenzangu waliandika ubaoni maana ya sheria, watoto wakanakili, kengele ikalia. Mimi nilikuwa na mchezo wangu. Nilikuwa nawaambia jambo lolote, la kweli au la kutunga, na wao hawakuruhusiwa kulipokea mpaka waniulize, "Umejuaje?" Nikisema sheria fulani imetungwa, umejuaje. Nikisema fulani ni mwizi, umejuaje, nani alimwona, na yeye mwenyewe ameulizwa? Niliwaambia kuuliza si utovu wa adabu. Niliwaambia sheria inamshika mkubwa na mdogo sawasawa, na kwamba hata mwalimu akikosea aambiwe, kwa heshima lakini aambiwe. Nilisema yote hayo kwa sauti nzuri sana, na nilipenda kuisikia.

Katika mchezo huo kulikuwa na binti mmoja aliyewashinda wote. Alikuwa mkubwa kidogo kuliko wenzake, kwa sababu alichelewa kuanza shule akichunga ndama wa baba yake. Siku anaandikishwa nilikuwepo ofisini. Baba yake alisema wazi, bila kugomba, kwamba nyumbani binti ana kazi na sisi tumeazimwa tu. Siku atakayosikia kwamba shule imemharibia mtoto tabia, atamrudisha kwa ndama wake, na hatataka maneno mengi. Mwalimu mkuu alicheka, lakini baba hakucheka. Kwa hiyo shule ya yule binti ilisimama juu ya jina lake jema, na sisi walimu tulilijua hilo tangu siku ya kwanza.

Siku moja nilianza mchezo kwa kusema kwamba jana tembo wameingia kwenye shamba la shule. Darasa zima likauliza umejuaje. Nikasema nimeona nyayo. Wakatulia, wameridhika. Yeye akanyoosha mkono.

"Umejuaje ni za jana, mwalimu?"

Akatueleza mwenyewe, kwa upole, kwamba unyayo ukilala nje umande unaushukia, kingo zake zinaanza kumomonyoka na wadudu wanapita juu yake, na wa leo unakuwa mkavu na mkali pembeni. Ndivyo alivyokuwa anawatafuta ndama waliopotea. Nilifurahi kiasi cha kumsimulia mume wangu jioni. Nilimwambia nina mtoto darasani ambaye huwezi kumdanganya.

Sasa siku ya mgeni. Alikuja mwanaume wa makamo, mpole, suruali imejaa vumbi la pikipiki, akakaa dawati la nyuma na fomu zake. Mada ilikuwa sheria ndogo za kijiji. Nilifundisha vizuri, siwezi kujinyima hilo. Kila nilipouliza swali mikono yote ilipaa, mimi nikachagua wa kulia, jibu likatoka limenyooka, darasa likapiga makofi. Mgeni aliandika, akatazama, akaandika. Halafu akafanya jambo ambalo kwenye mazoezi yetu halikuwemo. Akasimama, akaomba aulize swali moja yeye mwenyewe.

Aliuliza sheria ndogo za kijiji zinapendekezwa na nani. Mikono themanini juu. Akatembea taratibu kati ya madawati, akamgusa bega binti wa wafugaji, aliyekuwa amenyoosha mkono wa kushoto mpaka mwisho, kiwiko kimekaza, kama nilivyoagiza. Wiki tuliyoanza mada ile hakuwepo, alikuwa anamuuguza mama yake.

Binti akasimama, akasema hajui.

Mgeni akatabasamu, akamuuliza kama hajui mbona amenyoosha mkono.

"Nimenyoosha wa kushoto," akasema. "Mwalimu alisema wa kushoto ni wa wasiojua."

Hakusema kwa ubaya. Hakuwa ananishtaki. Alikuwa anamweleza mgeni utaratibu wa mahali, kama unavyomwelekeza mtu njia ya kwenda kisimani. Nilikuwa nimewafundisha kwamba ukiulizwa useme kweli, na yeye aliulizwa.

Mgeni akanitazama. Hakuwa na hasira. Nadhani na yeye alikuwa mwalimu zamani, na huenda hiyo mikono ya kulia na kushoto aliijua kuliko mimi. Ningecheka tu, nikasema samahani mzee, ni ushamba wetu huo, mambo yangeisha kwa aibu ndogo na soda. Nimelirudia hilo kichwani mara nyingi mno. Lakini mlangoni alikuwa amesimama mwalimu mkuu, na mwaka ule ndio nilikuwa natazamia kupandishwa daraja, na kubwa kuliko yote, nilikuwa naitwa mwalimu bora wa Uraia. Nikasema, tena kwa tabasamu:

"Huyu ni wa hawa waliohamia juzi. Kiswahili bado kinampa shida. Ameelewa vibaya."

Amezaliwa hapa hapa Katavi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha nusu ya darasa, na mimi ndiye niliyekuwa namwandikia vizuri sana kwenye ripoti. Lakini alikuwa wa wale, na nilijua uongo huo utapita, kwa sababu ni uongo ambao masikio ya ofisini yalikuwa yameshauzoea. Sikuutafuta. Ulikuwa tayari mdomoni.

Ningeishia hapo ningekuwa nimemkosea mtoto mmoja. Sikuishia. Niliona mgeni bado ananitazama, nikaligeukia darasa zima.

"Nyie, mimi niliwaambia hivyo?"

"Hapana, mwalimu," wakajibu.

Wote, kwa pamoja, kwa ule wimbo wa kuvuta sauti ambao watoto wa shule hujibia. Hakuna aliyesita. Hakuna aliyeuliza umejuaje. Binti alikuwa bado amesimama. Akawatazama wenzake, safu kwa safu, nadhani akimtafuta mmoja aliyekuwepo jana yake. Halafu akanitazama mimi. Hakulia. Alikuwa ana uso wa mtu anayefikiri, uso ule ule aliokuwa nao kwenye mchezo wetu. Mgeni akamwambia akae, akakaa.

Alipokuwa anaondoka, mgeni aliniambia jambo moja tu. Alisema darasa langu lina sauti moja. Kisha akavaa helmeti. Kwenye fomu aliandika kwamba ushiriki wa wanafunzi ni mzuri sana, na mwalimu mkuu aliisoma sentensi hiyo mara mbili mbele ya wenzangu. Walinipigia makofi. Nilikunywa soda yangu mpaka ikaisha.

Watoto hawakuchelewa. Kesho yake mapumziko niliwaona kwenye bomba la maji, yule binti anasogea na kikombe chake, na wenzake mmoja baada ya mwingine wananyoosha mikono ya kushoto juu, kimya, wanaishusha, wanaondoka. Mchezo huo ulidumu. Muongo wa mbele ya mgeni, ndivyo walivyomwita. Niliwafokea kwa sababu ya kelele, ingawa hawakuwa wanapiga kelele. Kosa lenyewe sikulitaja.

Mwalimu mkuu, bila kuniuliza, alimwita baba yake. Siku ya tatu akaja kwa baiskeli, binti amekaa nyuma, na dumu dogo la maziwa limefungwa kwenye usukani kwa mpira. Tukawa ofisini watu wanne. Mwalimu mkuu akaeleza kwamba mtoto amesema uongo mbele ya mgeni wa serikali na kuitia shule aibu. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwake mtoto huyu hajawahi kumdanganya, hata ndama akipotea husema ni yeye aliyelala. Kama ameanza uongo, basi ameupata hapa, na yeye alishasema siku ile ya kuandikisha. Amekuja kumchukua.

Binti alikuwa amesimama karibu na kabati, anatazama sakafu. Madaftari yake alikuwa ameshayaweka kwenye mfuko wa nailoni, mfuko mdogo, umefungwa vizuri.

Halafu baba akanigeukia mimi.

"Mwalimu, wewe ndiwe ulikuwepo. Mimi sikuwepo, na huyu mkubwa wako alikuwa mlangoni. Niambie wewe tu. Mtoto wangu amesema uongo?"

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kwenye kazi hii. Alikuwa anataka kujua nimejuaje. Mzee asiyesoma hata darasa moja alikuwa anafanya lile nililokuwa nawafundisha watoto wake na wa wenzake, na mimi mwenye cheti nikatafuta pa kupitia. Nikasema:

"Watoto, baba. Wanakosea. Mimi nimeshamsamehe. Muache tu asome."

Tazama nilivyopanga. Sikusema ndiyo, amesema uongo, kwa hiyo nikajiambia sijadanganya mara ya pili. Na nilimwokoa asirudishwe nyumbani, kwa hiyo nikajiambia nimetenda wema. Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Baba akanishukuru. Alisema hakujua kwamba mwalimu mwenyewe niliyekosewa nina moyo wa namna hiyo. Akamwambia binti kitu kwa Kisukuma, na binti akaja mbele yangu, akapiga magoti yote mawili kwenye saruji.

"Naomba unisamehe, mwalimu, kwa kusema uongo," akasema.

Nikamwambia nimekusamehe. Nimesema mambo mengi ya kijinga maishani mwangu, lakini neno hilo, kwa mtoto huyo, ndilo linaloniamsha usingizini. Nilimwekea hata mkono kichwani.

Maziwa niliyapokea. Ningekataa ingekuwa dharau, nilijiambia. Yaliganda vizuri, tukala na ugali, mume wangu akasifu, mwanangu akauliza wametupa kwa nini. Nikasema mzazi mmoja ameshukuru. Dumu lile ninalo mpaka leo, liko juu ya rafu ya vyombo, limeoshwa, mfuniko wake umewekwa pembeni ili lisinuke. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kikiwa kitupu, unatia chochote, mchele, karanga, hata chumvi. Mara nne nimetia mchele ndani ili nikalirudishe, na mara nne nimeumimina tena. Mvua, njia mbaya, Jumamosi ina misa ya jumuiya, kila mara kulikuwa na kitu. Ukweli ni kwamba niliogopa yule mzee asije akaniuliza tena.

Nilikwenda kuungama. Nilipiga magoti pembeni ya kile kiti cha maungamo cha mbao chenye pazia, nikasema nimesema uongo mdogo kazini. Mdogo, nilisema. Hata pale. Padri akanipa malipizi ya uongo mdogo, nikayasali nikatoka nje, na nilipofika kwenye lango la kanisa nilijichukia kuliko nilivyoingia.

Darasani binti alibaki. Alikuwa anafika mapema, anafagia zamu yake, anaandika kwa mwandiko uliosimama. Kwenye mchezo wa umejuaje hakusema tena. Wala wenzake, nikitazama vizuri. Walikuwa wanauliza pale tu nilipotua na kuwatazama kwa namna fulani, wanasema neno lile kwa pamoja, na jibu lolote nililotoa walilipokea. Siku moja nikajaribu kusudi. Nikawaambia mwezi ujao jua halitawaka Mpanda. Umejuaje, mwalimu, wakaimba. Nikasema nimejua tu. Wakaandika.

Niliiona tarehe ubaoni, mwandiko wangu mzuri, na chini yake kichwa cha somo kuhusu ukweli na uwajibikaji. Wiki ile ile nikaamua. Nilianza na watoto kwa sababu watoto ni rahisi kuliko mtu mzima. Hata ujasiri wangu ulikuwa wa bei hiyo.

Ilikuwa kipindi cha tatu, asubuhi. Niliwaambia waweke kalamu chini. Nikawakumbusha siku ya mgeni. Nikasema mwenzao alisema kweli, kwamba mimi ndiye niliyeagiza mkono wa kulia na wa kushoto, kwamba nilimsingizia mbele ya mgeni kwa kuogopa aibu, na kwamba nikawafanya na wao waseme uongo. Nikasema nimekosa, naomba radhi kwake na kwao. Nilidhani nikimaliza kitafunguka kitu, watapumua, au atanuna, au atalia.

Kisha nikaona wa mbele wanatazama mlangoni. Wengine wakageuka wakatazama dawati la nyuma. Ilinichukua muda kuelewa. Walikuwa wanamtafuta mgeni. Walidhani haya nayo ni mazoezi.

Nikawauliza nani anakumbuka nilivyosema siku ile kabla ya ukaguzi. Mikono yote ikapaa, ya kulia, themanini na kitu. Nikamchagua mtoto wa mwalimu mwenzangu, aliyekaa mbele kabisa, mtoto ninayemjua tangu anabebwa mgongoni. Akasimama, akasema hukusema kitu, mwalimu. Nikamwambia ametoka kunisikia nikisema kwamba nilisema. Akawaza, akasema ndiyo, mwalimu. Nikauliza ndiyo nilisema au ndiyo sikusema. Akanitazama usoni kutafuta jibu ninalolitaka, na darasa zima likamsaidia kwa pamoja, ndiyo, mwalimu.

Mkono wa binti na wenyewe ulikuwa juu. Wa kulia, umenyooka, kiwiko kimekaza.

Nikaenda mpaka kwenye dawati lake. Nikamwambia asiwaangalie wenzake, asiangalie mlangoni, hakuna mgeni, hakuna mwalimu mkuu, mimi ndiye namuuliza. Nikamwomba awaambie alichosikia siku ile. Akasimama, akakunja mikono kifuani kama wanavyofundishwa kusimama. Alinitazama sawasawa. Alikuwa anazitazama kingo, kama za unyayo, anapima kama umande umeshuka.

"Mwalimu," akasema taratibu, "unataka niseme nini?"

"Sema ulichosikia."

Akawaza tena. Darasa lilikuwa linamngoja, na mimi nilikuwa namngoja, nikimwomba Mungu anishtaki.

"Siku ile sikuelewa vizuri," akasema. "Kiswahili kilikuwa kinanisumbua."

Akakaa. Alikuwa amelisema kwa Kiswahili safi kabisa, kila neno mahali pake.